Seva Chini ya Meza ya Chakula

Sikuzaliwa mkorofi. Ukorofi wangu ulianza siku niliposoma masharti ya matumizi. Yale masharti marefu ambayo kila mtu hubonyeza "Nakubali" bila kuyatupia jicho, mimi nilikaa nayo mchana kutwa, nikayasoma mpaka mstari wa mwisho, na nilipoinuka nilikuwa mtu wa kukwepwa kwenye harusi.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za shule, hapa Ntinda na mitaa ya jirani. Ni kazi ya kupuliza vumbi na kuwaeleza walimu wakuu kwamba mashine haikurogwa. Humo ndimo nilimokutana na programu huria, zile ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzifungua, kuona zilivyoundwa, kuzibadilisha na kumpa jirani yake bila kumwomba mtu ruhusa. Niliokoka. Na kama walokole wengine wote, nikaanza kuwasumbua wasiookoka. Mtu akinionyesha picha za mtoto wake mchanga kwenye simu, mimi nilimuuliza kama anajua hizo picha sasa ni mali ya nani. Watu walianza kukumbuka shughuli zao nyingine.

Aliyebaki kunisikiliza alikuwa mama, kwa sababu ya uzazi. Mama ni mjane wa polisi. Alitulea kambini, mimi binti yake na mdogo wangu wa kiume, katika chumba kimoja chenye pazia katikati, miongoni mwa Waacholi, Walugbara, Wateso na Wanubi waliokuwa na makabila mengi na Kiswahili kimoja. Kiswahili hicho Mswahili wa pwani akikisikia hushika kichwa, lakini kilitutosha kugombana, kuposa na kuzika. Baba alipofariki serikali ilitaka chumba chake, na mama akahamia vyumba viwili vya kupanga Bukoto, ambako mpaka leo anakaanga mandazi na kuwauzia watu wa maghorofa.

Mama alikuwa kwenye ule mtandao mkubwa. Jina silitaji, maana hauhitaji tangazo langu. Ulifungwa nchini wakati wa uchaguzi mmoja na kwa muda mrefu haukufunguliwa, kwa hiyo kisheria hapakuwa na Mganda hata mmoja humo ndani. Waganda wote walikuwemo. Walipita kwa VPN, ile programu inayoifanya simu yako ionekane kama iko nchi nyingine. Kwenye mji huu utakuta mtu asiyejua kusoma ramani, lakini VPN anaijua, na atakushauri ipi ina kasi siku ya mvua. Mama alikuwa na moja yenye orodha ya bendera ndogo ndogo. Unagusa bendera, umeshafika.

"Leo mimi iko Uholanzi," aliniambia asubuhi moja, huku akigeuza mandazi kwenye mafuta.

"Na jana?"

"Jana Japani. Lakini Japani iko na pole pole sana."

Kwenye ukurasa wake aliweka picha ya chai na sala fupi kila asubuhi. Nilidhani ni ushamba wa kawaida wa wazee wetu mtandaoni, nikamwambia hivyo, kwa maneno ya adabu kidogo. Nilimweleza kwamba kule yeye ni mpangaji. Mwenye nyumba akiamka vibaya atamtupia virago nje, na hatakuwa na baraza la mtaa la kumshtakia.

"Mimi napanga maisha yangu yote," alinijibu. "Kambi ilikuwa ya serikali, hii ni ya yule Hajati mwenye nyumba. Nyumba ya kupanga iko na majirani, maama. Ile yako iko na nani?"

Yangu haikuwa na mtu. Wakati huo nilikuwa nimeshatengeneza seva yangu, kompyuta kuukuu iliyotupwa na shule, nikaiweka chini ya meza ya chakula nyumbani na kuiunga na betri, maana umeme wa kwetu una tabia zake. Ndani yake niliweka mtandao mdogo wa kijamii, wa programu huria tupu, usio na tangazo, usiouza habari za mtu, wenye uhuru wote ambao binadamu anaweza kuuomba. Ulikuwa mtandao mzuri kweli. Kitu pekee kilichokosekana ni jamii.

Sasa niseme kwa nini mama aliweka ile chai kila asubuhi. Mdogo wangu alikuwa ameenda kyeyo. Kyeyo kwa Kiganda ni ufagio, lakini ndivyo tunavyoita kazi yoyote ya ng'ambo, hata ya kushika bunduki. Yeye alikwenda Uarabuni kulinda mlango wa jengo la vioo. Waajiri wa kule walikuwa na mazoea ya kuwanyang'anya wafanyakazi simu, na laini zake zilibadilika kama hali ya hewa, hivyo hakuwa na namba ya kupigiwa. Kila alipopata simu ya mtu, aliingia kwenye ule mtandao, akatafuta ukurasa wa mama, akaandika chini ya picha ya chai: "Mimi mzima." Mama aliweka picha ili apate pa kuandika. Hiyo ndiyo ilikuwa anwani yao, hawakuwa na nyingine.

Halafu mdogo wangu akanyamaza. Wiki zikapita, picha za chai zikajipanga bila neno chini yake isipokuwa vipicha vya maua kutoka kwa shangazi zetu. Na katikati ya ukimya huo mtandao ukaifunga akaunti ya mama. Ulisema umeona shughuli zisizo za kawaida. Ukaomba athibitishe kwamba yeye ni yeye, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye laini aliyoitupa zamani.

Alikuja Ntinda kwa miguu, na jua lile, akaweka simu mezani mbele yangu. Hakukaa.

"Mutoto akiandika, ataandika wapi?"

Lazima nikiri kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. Furaha mbaya, ya mhubiri aliyeona gharika ikija siku aliyoitaja. Ilidumu mpaka nilipomtazama usoni, kisha nikaona haya.

Tulikata rufaa. Mtandao ulitaka mama ageuze uso kushoto na kulia mbele ya kamera, ndani ya duara. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisani, akakaza uso kama alivyoukaza kwenye kitambulisho cha taifa, akageuka kwa heshima zote. Mashine ikasema haimtambui. Tukarudia bila kitambaa. Mashine ikatushukuru kwa subira yetu, ingawa hakuna aliyeitoa. Niliandika barua ndefu ya Kiingereza safi, na jibu lilikuja kabla sijainua kidole kwenye kitufe, kwa hiyo nilijua ilisomwa na nani.

"Mama, hizo bendera ulikuwa unabadilisha mara ngapi?" nilimuuliza. Nilishaelewa kilichotokea. Mama wa Bukoto aliyeonekana Uholanzi wakati wa uji na Japani wakati wa chakula, kwa mashine huyo ni mwizi.

"Asubuhi naweka yoyote. Lakini jioni naweka ile ya Uarabuni. Kila jioni."

"Kwa nini hiyo?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Si mutoto yangu iko pale? Nikae karibu na yeye. Neno yangu itoke hapo hapo, isichelewe njiani."

Nilikuwa na mhadhara mzima kuhusu namna VPN inavyofanya kazi, wenye michoro. Sikuutoa. Niliumia, nikainuka kwenda kumchemshia maji ya chai, ingawa hakuwa ameomba.

Nilimfungulia akaunti kwenye seva yangu siku hiyo hiyo, nikaweka picha yake ya chai. Aliitazama kwa adabu.

"Huku iko na watu ngapi?"

"Watatu."

"Nani na nani?"

"Wewe, mimi, na mimi tena. Ile ya pili ni akaunti ya kufanyia majaribio."

"Banange, jamani," alisema taratibu. "Sasa mutoto atanipata aje? Atapita njia gani kufika chini ya meza yako?"

Nilikuwa nimejenga nyumba ya uhuru porini, haina hata kibao cha kuonyesha njia. Na aliyekuwa anatafutwa alijua barabara moja tu, ile niliyoilaani.

Basi nikaingia. Mimi, niliyewahi kuondoka kwenye kikao cha harusi kwa sababu kilihamishiwa huko, nilifungua akaunti kwenye mtandao mkubwa kwa jina langu kamili na picha ya uso wangu. Uliniuliza kama naruhusu uone namba zote kwenye simu yangu. Nakubali. Kama naruhusu ujue niliko. Nakubali. Nilibonyeza nikiwa nimefumba jicho moja, kama mtoto anayekunywa mwarobaini. Sikuwa hata nimemaliza kuandika jina la mdogo wangu kwenye sehemu ya kutafuta wakati ulipoanza wenyewe kunitolea watu ninaoweza kuwafahamu: daktari wangu wa meno, mke mpya wa aliyekuwa mume wangu, mwalimu mkuu anayeamini katika uchawi, na wa nne, chini ya jina la utani ambalo nisingelikisia mpaka kiama, mdogo wangu, amevaa sare, kifua mbele, mlangoni pa jengo la vioo.

Kwa miaka nilikuwa nimelalamika kwamba wale wenye mtandao wanatujua kupita kiasi. Siku hiyo walinijua kiasi nilichohitaji, na nilichukia jinsi nilivyofurahi.

Nilimwandikia. Jibu lilikuja kesho yake mchana. "Dada, hata wewe umeingia huku? Basi dunia imekwisha."

Nikamwambia ukurasa wa mama umefungwa na kwamba mama hali chakula vizuri kwa sababu ya ukimya wake. Nikampa anwani ya seva yangu. Akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa hamu.

"Huko kwako shangazi zetu wapo?"

"Hakuna hata mmoja."

"Na watu wa kambi?"

"Hakuna mtu kabisa."

"Kale, sawa. Nitumie njia."

Hivyo ndivyo seva yangu ilivyopata mwanachama aliyekuja kwa hiari yake. Mama na mwanawe walianza kuandikiana kila siku, kisha wakagundua ujumbe wa sauti, na hapo mama hakukamatika tena. Alimsimulia bei ya ngano, mgonjwa wa jirani, mahubiri ya Jumapili. Yeye alijibu kwa kifupi kwamba yu mzima, kazi ni ile ile, joto ni kali. Mama alianza kula. Mimi nikawa mtu asiyevumilika. Niliwaambia walimu wangu wote, hata wasiouliza, kwamba familia yetu sasa inajitegemea kimawasiliano.

Ndipo seva ilipoanza kuwa nzito. Kuna wahuni wa mbali wanaopita wakijaribu vitasa vya seva za watu, na mwenye seva hulazimika kuangalia nani amebisha hodi. Mazungumzo ya mama na mdogo wangu sikuweza kuyasoma, niliyafunga mwenyewe wasome wao tu. Lakini kila anayebisha, seva huandika ametokea wapi. Hilo ni jambo ambalo sisi wahubiri wa uhuru hatulitaji sana kwenye mahubiri: mwenye nyumba huona, hata akiwa mwenye nyumba mwema.

Mdogo wangu hakuwa anabisha kutoka Uarabuni. Alikuwa anabisha kwa laini ya simu ya hapa hapa Uganda.

Nilijipa moyo kwamba labda ni VPN. Nikacheka peke yangu. Duniani kote watu wanajificha Uholanzi, wanajificha Japani. Nani anayejificha Uganda? Nikamwandikia kando, sisi wawili: "Umerudi?"

Akajibu: "Kazi iliisha. Usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe nikishajipanga."

"Uko wapi?"

Hapo hakujibu.

Sikuhitaji kuelezwa sababu. Anayetoka kyeyo harudi hivi hivi kama mtu anayetoka sokoni. Ukoo hukodi gari kwenda kumpokea Entebbe. Akifika nyumbani masanduku hufunguliwa juu ya mkeka mbele ya watu wote, na kila mmoja anasubiri chake, huyu viatu, huyu blanketi, yule simu, na shangazi hukaa mbele kabisa. Aliyerudi bila sanduku hana mlango wa kuingilia. Ndiyo maana aliuliza kama shangazi wapo.

Nilikasirika naye sana. Mama alikuwa amesafiri mpaka Uarabuni kwa kidole kila jioni, na huyu yuko mahali fulani, labda mwendo wa bodaboda moja. Nilitaka kupiga simu saa ile ile. Lakini ni mimi niliyehubiri, mpaka watu wakanikimbia, kwamba mtu ana haki ya kuamua ni nani ajue aliko. Sikuwahi kuwazia kwamba kuna siku mtu angenisikiliza. Nikanyamaza, na kila mama aliponiambia "mutoto anasema huko joto," nilitazama pembeni.

Jumapili moja mchana nilienda kwake Bukoto. Mvua kubwa ilikuwa imepiga mji mzima, na njia ya kuingia kwake ilikuwa tope tupu. Mama hakunikaribisha hata kiti. Alikuwa ameshika simu.

"Sikia hii," alisema. "Amenitumia sasa hivi, saa mvua ilikuwa."

Sauti ya mdogo wangu ilisema yu mzima, anapumzika, joto ni la kuua. Nyuma yake, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mvua ilikuwa inapiga mabati.

Mama aliirudia. Akairudia tena.

"Huko Uarabuni wanaezeka na mabati?"

Niliinama kukwangua tope kwenye viatu vyangu.

"Wewe uliniambia ile kampuni inaona mutu iko wapi."

"Ndiyo, mama."

"Na hii ni kampuni yako."

"Si kampuni, mama. Ni seva tu—"

"Inaona ama haioni?"

"Inaona."

"Basi mutoto yangu iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui, na ingekuwa karibu na ukweli. Ningeweza kusema yuko nchini, na angevaa viatu saa ile akaanza kuuliza kambi zote. Nilimtazama mama yangu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kukataa kusema kunaweza kuwa haki na bado kukafanana kabisa na ukatili.

"Naona kidogo, mama. Lakini si yangu kuisema. Muulize mwenyewe."

"Hata polisi wanasema hivyo," alisema. Na yeye alikuwa na sababu ya kujua.

Lakini alikaa. Akaweka simu mapajani, akaandika kwa kidole kimoja, midomo ikifuata herufi. Hakunificha. *Mwanangu nasikia mvua. Wewe iko wapi? Sema tu, mimi sigombani.* Akatuma. Tulikaa tukiitazama ile simu, yeye na mimi, na nje maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye paa. Ilionekana kwamba amesoma. Ilionekana ameanza kuandika, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Nilimwomba Mungu, ambaye kwa kawaida simsumbui kwa mambo ya kompyuta, betri chini ya meza yangu isizimike.

Neno lilikuja moja. *Lubaga.*

"Lubaga," mama alisoma kwa sauti. "Lubaga ya hapa. Pale kwa kanisa kubwa."

Alifumba macho. Nilisubiri alie, au agombe, maana ahadi ya mama ya kutogombana naijua tangu utotoni. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alipangusa kioo cha simu kwa upindo wa leso, akaandika tena, polepole kuliko mara ya kwanza, kisha akanigeuzia.

"Soma. Iko sawa?"

Ilisema: *Kuja leo. Usinunue kitu. Usikope sanduku ya mutu. Kuja na mikono yako tu.*

"Iko sawa, mama," nilisema.

Akatuma. Hakungoja kuona kama imesomwa. Alinipa simu niishike mimi, mwenye kampuni, akavuta beseni na kisu, akaanza kumenya ndizi za kupika, nyingi kuliko za watu wawili.